Samaki wa Jabia la Chundwa

Chundwa, Alhamisi, 14 Novemba 2024

Kwa ndugu yangu Amjad, Amu

Salaam aleikum. Utashangaa kupata barua ilhali una simu mbili. Nimekupigia zote mbili juma hili, na kila nikifika kwenye neno lenyewe mtandao unaharibika upande wako, lakini upande wangu nakusikia wazi ukimwambia mteja kwamba bei ya simiti haishuki. Barua haina mtandao. Dawud wa boti atakupa mkononi, na nimemwomba asibanduke mpaka uifungue.

Samaki wa jabia wamekufa, Amjad.

Si mmoja, si wawili. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Ijumaa iliyopita, mvua nzuri, maji yakatiririka kutoka sakafuni hadi tangini nasi tukapiga vigelegele. Jumapili asubuhi nilifungua kifuniko wanawake wachote, nikakuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanahema. Jumatatu wakawa wanaogelea ubavu na kujigonga ukutani. Jana nimeopoa arobaini na moja kwa kimia, matumbo juu. Waliobaki sijui wako wapi.

Wewe hujawahi kuishi huku, basi nikueleze kama ninavyomweleza mgeni. Jabia alilolijenga marehemu baba ndilo kinywaji cha kijiji. Mvua ikianguka kwenye ile sakafu kubwa uliyoipaka simiti mpya mwaka jana kwa sadaka ya baba, inaingia tangini chini ya ardhi, na hiyo ndiyo tunayokunywa mpaka masika. Samaki wanakula viluwiluwi vya mbu, na kikiingia kitu kibaya wao ndio wa kwanza kutuambia. Ufunguo wa kifuniko ninao mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kuopoa zaidi ya wawili kwa mwaka.

Kuna jingine linaloniwasha. Kila mwaka kabla ya vuli tunatoka wanawake na visu, tunachutama kwenye sakafu siku tatu kung'oa nyasi zilizoota kwenye nyufa. Mwaka huu, kabla hatujatoka, nyasi zote zilikauka kwa pamoja, zikawa manjano kama zimepikwa. Tulifurahi, wajinga sisi. Tukasema jua limetufanyia kazi, tukafagia tukaenda zetu.

Waulize watu wa samaki hapo Amu. Nijibu upesi.

Dada yako,
Swafiya


Amu, 18 Novemba 2024

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Swafiya

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imenifika. Dawud alinisimamia dukani mpaka nikaipasua, wateja wakadhani nimeletewa samansi ya korti.

Dada, usijitie presha. Samaki ni samaki. Joto la mwaka huu si la kawaida, hata paka wa hapa Amu wameacha kupigana. Tena wale samaki wamezeeka, na kila kilichozeeka hufa. Isitoshe mvua ya kwanza huja na vumbi la miezi. Ukiyajumlisha yote hayo, hakuna ajabu.

La muhimu ni khitma ya baba, Jumamosi ya tarehe 21 Disemba. Wageni wanatoka Malindi na Mombasa, na mmoja Maskati. Nimewaahidi kuwaonyesha jabia la marehemu likiwa safi linang'ara, na maji yake wayaonje. Sitaki wafike wakute wanawake wanasimulia vifo vya samaki. Nimeshazungumza na Crispus, afisa wa uvuvi, mtu wa bara lakini muungwana. Ataniletea samaki wengine kutoka ziwa la Mpeketoni. Utawatia tangini, na mambo yatakwisha.

Nimempa Dawud katoni mbili za maji ya chupa. Hizo ni za Safaa. Mimba ya miezi saba na joto hili havipatani. Wewe ndiye shangazi yake hapo, mwambie binti yangu anywe hayo, na mumewe akiridhia aje ajifungulie kwetu Amu, tena mapema.

Ndugu yako,
Amjad


Chundwa, 22 Novemba 2024

Amjad,

Salamu nimezitanguliza moyoni, karatasi ni moja.

Samaki hafi kwa joto ndani ya tangi lililo chini ya ardhi, ambamo mimi nikiteremka kusugua natoka natetemeka. Na kama ni uzee, basi wale arobaini na moja walizaliwa siku moja wakazeeka siku moja, na hata watoto wao wa ukubwa wa punje ya mchele wamekufa kwa uzee. Wewe ni mtu uliyesoma, Amjad.

Nimelifunga jabia. Tangu Jumatatu sijampa mtu hata tone. Wanawake wanakwenda kisima cha mashambani chenye maji ya chumvi, nusu saa ndoo kichwani, na wakipita mlangoni kwangu wanasema kwa sauti ili nisikie. Jana mmoja amesimama kabisa, akaniambia, "Bi Swafiya, mai ni ya Mngu. Ufunguo ni wa nani?" Nikamjibu ni wa watoto wake. Hakunielewa, nami sikuwa na ushahidi wa kumwonyesha ila samaki wanaonuka.

Na sasa wamempata wa kumlaumu. Ni Barka, anayelima simsim kando ya jabia, kwa sababu anajulikana kuwa na pampu ya mgongoni ya dawa ya magugu. Wamemwendea kwake. Ameapa kwamba mwaka huu amepalilia kwa jembe, kwa kuwa pampu ilipasuka tangu Ramadhani. Mimi nimekwenda kuiona, imepasuka kweli, ndani yake buibui wamejenga. Lakini nani anamsikia Barka? Mkewe amesukumwa kisimani mbele ya watu, ndoo ikamwagika.

Samaki wanne nimewatia kwenye chupa, nimempelekea huyo Crispus wako mwenyewe. Ukiwa na la kuniambia, niambie.

Swafiya

Maji ya chupa nimemkabidhi Safaa. Anakushukuru.


Amu, 27 Novemba 2024

Kwa Bi Swafiya, Chundwa

KUH: SAMAKI WALIOKUFA KWENYE JABIA

Natumaini u mzima, mama. Nilipokea chupa yako kutoka kwa nahodha Dawud. Naomba nikwambie ukweli bila kukuudhi: chupa hiyo ilikuwa ya achari. Naamini uliiosha, lakini kifuniko hakikuoshwa, na samaki wako walinifikia wakiwa wameiva kwa siki na pilipili. Maabara haiwezi kuwapima. Hata ingeweza, majibu ni wiki sita, na fomu inataka sahihi ya mtu ambaye yuko likizo. Mimi mwenyewe nimechoka kuwaeleza watu hivyo.

Lakini barua uliyofunga pamoja na chupa nimeisoma mara mbili, na imenisaidia kuliko chupa. Samaki kupanda juu na kuhema, kuogelea ubavu, kujigonga, kisha kufa wengi ndani ya siku chache baada ya mvua, hilo si joto. Samaki hupumua kwa matamvua, zile nyuzi nyekundu unazoziona ukifungua shavu lake. Dawa nyingi za magugu huchanganywa na kitu mfano wa sabuni ili ishike kwenye jani. Ikiingia majini, sabuni hiyo huunguza matamvua, yanafura na kujaa ute, na samaki anakosa pumzi. Ikiwa kidogo, hawafi wote. Wanaacha kula, wengine wanapinda mgongo, mayai hayaanguliwi. Niliwahi kuyaona hayo bara, kwenye bwawa lililokuwa chini ya shamba.

Zile nyasi zilizokauka kwa pamoja ndizo zinazonitia wasiwasi. Jua haliwezi kuchagua nyasi za sakafuni likaacha za pembeni. Kuna mtu alinyunyiza sakafu yenyewe. Mtafuteni, si kwa ugomvi, bali atuambie ni dawa gani. Kuna zinazopungua nguvu baada ya wiki kadhaa, na kuna ambazo kijiko kimoja kinamuua mtu mzima. Bila jina la dawa siwezi kukwambia msubiri au mmwage. Mpaka tujue, msinywe.

Bwana Amjad ameniagiza samaki mia moja. Aliniambia wale wa kwanza walikufa kwa uzee. Tafadhali usiwatie wote. Chukua ndoo mbili, moja ya maji ya jabia na moja ya maji safi ya mvua, weka samaki kumi kila ndoo, uangalie mpaka kesho yake. Hiyo ndiyo maabara tuliyo nayo kwa sasa.

Wako,
Crispus Patroba


Amu, 29 Novemba 2024

Dada,

Samaki mia moja hao, kwenye pipa. Watie leo leo. Mambo ya ndoo za Crispus usiyasikilize, vijana hawa wakisoma kozi mbili wanaona sumu hata kwenye chai. Nimempigia Mahdi mwenyewe, naye kama mwenyekiti wa kamati ya maji amekubali jabia lifunguliwe. Watu hawawezi kuteseka na maji ya chumvi kwa ajili ya dhana.

Kuhusu Barka, mimi si hakimu. Lakini mwenye pampu anajulikana.

Katoni mbili zaidi za Safaa. Asichangie na mtu, ni za afya yake.

Amjad


Chundwa, 5 Disemba 2024

Amjad,

Nimefanya kama alivyosema kijana wa watu. Ndoo mbili kibarazani kwangu, moja ya maji ya jabia, moja ya maji ya mvua niliyoyakinga kutoka paani kwangu. Samaki kumi huku, kumi huku. Kufika alasiri wale wa jabia walikwisha panda juu. Asubuhi saba wamelala ubavu na watatu wanazunguka kama waliopigwa kichwani. Wale wa mvua wanacheza. Nikamwita Mahdi aone kwa macho yake. Ameona. Akaniambia, "Bi Swafiya, hao wamesumbuka na ndia tu." Nikamuuliza, na hawa wengine walikuja kwa ndege? Alisema fungua, kwa sababu mwenye sadaka amepiga simu.

Nikafungua. Hilo naliandika kwa aibu. Nilifungua kwa mkono wangu, kwa sababu ni wewe uliyesema, na nikajiambia labda Amjad anajua asilolijua Crispus. Samaki themanini wakamwagwa. Siku nne baadaye nimeopoa sitini na sita.

Jana nimelifunga tena, lakini nimechelewa. Watu walijua nitafunga, kwa hivyo siku hizo nne kila nyumba ilijaza mitungi, madumu na mapipa. Sasa wana maji ya mwezi mzima majumbani na wanayanywa. Watoto wa chuo cha Qur'ani ni sitini na watatu, nawajua kwa majina, na kila mmoja akimaliza kusoma anakwenda mtungini. Nimewaambia mama zao. Wananiuliza kwa nini ndugu yangu mwenyewe haniungi mkono.

Nami nakuuliza. Umeleta katoni nne za maji ya chupa, zote za mtu mmoja. "Asichangie na mtu," umeandika. Anayeamini kwamba maji ya jabia ni mazima, tena amewaahidi wageni wake wayaonje, kwa nini amnunulie binti yake maji ya dukani? Nimekaa na swali hili siku tatu. Unajua nini, Amjad?

Nijibu kabla ya Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Baada ya sala kamati itakaa kuninyang'anya ufunguo, wampe mtu asiyeuliza. Siku ile ile jabia litafunguliwa, na halitafungwa tena.

Swafiya


Amu, 7 Disemba 2024

Bi Swafiya,

Sikutegemea kuhojiwa na dada yangu kama mshukiwa. Mtu akimhurumia binti yake mwenye mimba, amekosa? Ninachojua ni kwamba wageni ishirini na wawili wamekata tiketi. Najua kwamba jina la baba liko kwenye jabia hilo, na wewe umelitia kufuli mara mbili. Kama ni dawa, basi ni ya Barka, na Barka aulizwe. Mimi niko Amu nauza simiti.

Tafadhali, ukitaka kuandika tena, andika habari za pilau ya khitma. Bado hujaniambia tunahitaji mbuzi wangapi.

Amjad


Chundwa, 9 Disemba 2024

Kwa Baba yangu mpenzi

Assalaam aleikum. Natumai wewe na Mama mu wazima. Mimi sijambo, miguu tu imefura kidogo, na mtoto anapiga mateke hasa mume wangu Musab akianza kusimulia habari za mpira. Nimesema huyu atakuwa hapendi mpira, Musab amenuna tangu jana.

Nakushukuru kwa maji, Baba. Katoni zote nne nimezipanga chini ya kitanda cha chumba cha wageni na sijafungua hata moja. Niliona haya wageni wa khitma watoke Mombasa na Maskati halafu niwape maji kwa kata, wao wamezoea chupa. Nimehesabu ni chupa tisini na sita, zitatosha, hata Dawud atapata za kurudi nazo. Musab alitaka kuchukua moja akitoka shambani, nikampiga mkono. Maji ya wageni ni ya wageni.

Usiwe na wasiwasi juu yangu, maji yapo. Lile jabia lilipofunguliwa tulijaza pipa zima na hilo ndilo ninalotumia. Juzi koo lilinikereketa na tumbo likasokota, lakini nadhani ni pilipili ya mama mkwe.

Ila Shangazi ananisikitisha. Kila asubuhi anakuja mlangoni kunikataza nisinywe maji ya pipa, na mama mkwe anamwambia arudi kwake na maneno yake. Watu hawamwamkii tena. Nilikuwa sijui nimsikilize nani. Lakini Mahdi amesema wewe mwenyewe ulipiga simu ukamhakikishia kwamba maji ni salama, basi nimekusikiliza wewe.

Ukija usisahau halua.

Binti yako,
Safaa


Amu, 10 Disemba 2024

Dada Swafiya,

Dawud anakuja na boti tupu, nimeikodi yote. Ukiipata hii nenda kwa Safaa kabla hujaisoma hadi mwisho. Asinywe. Pipa limwagwe. Afungue zile chupa, wageni hawana haja nazo. Simu yake nimepiga tangu alfajiri haipatikani, na yako hupokei, nawe una haki.

Ni mimi.

Tarehe 28 Oktoba nilimtuma Hesbon, yule mtu wa bara anayenisafishia kiwanja cha Mokowe, aje Chundwa na pampu yake. Alifika adhuhuri mkiwa ndani, akanyunyiza sakafu nzima, akaondoka na boti ile ile. Nilitaka wageni wakute sakafu nyeupe. Mwaka jana niliwatumia picha za jabia, na katika picha moja mmechutama na visu mnang'oa nyasi. Yule wa Maskati akaniuliza, je, huko hatuna uwezo wa kuajiri mfanyakazi? Nikaona haya. Niliona haya kwa ajili yenu, dada, na hata sasa nikiandika sijui ni haya ya nini.

Wallahi wakati ule sikujua. Barua yako ya kwanza iliponifika nikamwita Hesbon aniletee kopo. Kwenye kibandiko pana picha ya samaki aliyekufa, na chini yake imeandikwa isitumiwe karibu na maji ya kunywa. Hesbon akanikumbusha kwamba kabla hajaondoka aliniuliza, "Mdosi, hapo si mahali pa maji?" na mimi nilimwambia ni sakafu tu. Kwa hivyo tangu siku ile nilijua. Nilidhani itapungua yenyewe. Nilidhani samaki wapya wakiishi, basi imepungua na hakuna haja ya mtu kujua. Kila barua yako ilipokuja, uwongo wangu ulikuwa umeshatangulia mbali na sikuweza kuurudisha.

Leo asubuhi nimempelekea Crispus lile kopo. Alisoma kibandiko chote mpaka mwisho. Kisha akasema tangi limwagwe lote, lisuguliwe, na sakafu ioshwe maji yake yaende kwingine, na wote waliokunywa, Safaa wa kwanza, waonwe na mganga wa hospitali.

Barua hii ichome. Kamati iambie ni kasoro ya simiti, au chochote utakachoona. Nitaleta maji kwa boti mpaka masika. Lakini unisitiri, dada. Jina langu na jina la baba ni moja.

Amjad


Chundwa, 11 Disemba 2024

Amjad,

Safaa tumempeleka zahanati. Muuguzi amesikiliza, moyo wa mtoto unapiga. Amesema kipimo cha sumu hiyo hana, arudi kila juma aangaliwe. Safaa aliniuliza kwa nini tumefungua maji ya wageni. Nikamfungulia chupa ya pili.

Halafu nimerudi nyumbani nikasoma mpaka mwisho.

Nimekuandikia mara tatu kuhusu watu wa Chundwa, ukanijibu kuhusu joto, wageni na mbuzi wa pilau. Safaa amekuandikia mara moja kwamba amekunywa, ukakodi boti nzima. Kukodi boti sikulaumu, hata mimi ningeogelea. Nakulaumu kwa siku ishirini na mbili zilizotangulia. Wale sitini na watatu nao wana baba zao, ila baba zao hawakuwa wamesoma kibandiko. Nimekasirika, Amjad, nimekasirika mpaka mwandiko wangu siujui, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe kwa kuwa nilifungua.

Leo nimepita nyumba kwa nyumba. Wachache wamemwaga. Wengi wameniuliza, nani kasema ni sumu? Nikasogea mlango unaofuata, kwa sababu aliyesema hataki kutajwa. Unataka wamwage maji yao kiangazi kikiwa mlangoni kwa ajili ya kasoro ya simiti? Nani atamwaga? Na mke wa Barka bado anakwenda kisimani peke yake, wenzake wakishaondoka.

Barua yako sikuichoma. Wala sitaisoma mbele ya kamati, maana umeniandikia mimi, na aibu ya ndugu si yangu kuitembeza. Ninakurudishia, ni hiyo ndani ya bahasha. Lakini mimi sikunywa peke yangu. Andika nyingine, uwaandikie walionywa.

Kesho kutwa baada ya sala wanakaa. Usimtume Dawud wala mtu yeyote. Njoo nayo.

Swafiya


Ijumaa, 13 Disemba 2024

Kwa watu wa Chundwa, wanawake na wanaume

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Haya nimeyaandika kwa sababu najijua. Nikisimama mbele yenu bila karatasi nitapindisha maneno.

Mwezi wa Oktoba nilimtuma mtu anyunyize dawa ya magugu kwenye sakafu ya jabia lenu. Sikumuuliza yeyote kati yenu. Huyo niliyemtuma hana kosa, aliniuliza kama hapo ni mahali pa maji nikamdanganya. Mvua ikaiosha dawa ikaingia tangini. Samaki wote waliokufa, wa kwanza na wa pili, wamekufa kwa hiyo.

Barka hakunyunyiza chochote. Nilijua mnamtuhumu kwa kosa langu, nikanyamaza, kisha nikaandika neno la kuwaongezea shaka. Bwana Barka, na mkeo aliyesukumwa kisimani, nawaomba radhi mbele ya watu hawa. Ikiwa leo haitoki, nitarudi kuiomba tena.

Maji yaliyo tangini, na hayo mliyoyaweka majumbani, yasinywewe na mtu wala mnyama. Bwana Crispus nimekuja naye, atawaeleza dawa yenyewe na dalili za kuangalia kwa watoto, na kesho atakuwapo mganga. Tangi litamwagwa. Najua maana yake, ni kiangazi kizima bila jabia mpaka masika. Boti ya maji itakuja kila siku ya pili. Hiyo si sadaka, ni fidia, kwa hivyo msinishukuru. Khitma ya baba nimeiahirisha, na wageni nimewaambia sababu mmoja mmoja.

Binti yangu Safaa amekunywa maji haya pamoja nanyi. Nilimletea yeye peke yake maji ya kumkinga nikawaacha nyinyi, na yeye akawawekea wageni. Hilo pia mnalijua sasa.

La mwisho. Nimeambiwa kamati imekaa leo kumnyang'anya Bi Swafiya ufunguo. Sina haki ya kusema katika maji yenu, na baada ya leo sitasema. Lakini dada yangu alilifunga jabia akiwa hajui ni nini kimeingia, akavumilia maneno yenu. Mimi nilikuwa najua, na ndimi niliyepiga simu lifunguliwe.

Amjad